Mifupa ya Mjomba Chanmon

Bremly Dkhar alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, dole gumba lake la kushoto bado jeusi kwa wino. Jicho moja lilikuwa limevimba na kufumba kabisa. Alipomwona Sajini Lakhon Tariang kwenye nondo za selo, hakusimama.

"Mjomba, ulisema nikiweka dole nitarudi nyumbani kula."

"Nilisema."

"Jana hiyo."

Sajini alimpitishia chapati ya mchele iliyofungwa kwa jani la mgomba. Kijana aliila kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa mchoma makaa, miaka ishirini na mitatu, na karatasi aliyoiwekea dole ilisema kwamba alimsukuma shemeji yake, mzee Chanmon Salahe, kutoka juu ya daraja la mawe la Moosyiem. Bremly hakujua kusoma. Sajini ndiye aliyemsomea, na alimsomea nusu tu.

"Niambie tena ulivyomkuta," Sajini alisema.

"Si nimekwisha sema mara kumi?"

"Sema ya kumi na moja."

"Alitoka kwa dada yangu alfajiri kama kawaida yake, arudi kwa mama yake. Mimi nilitoka nyuma kidogo, naelekea tanurini. Kufika darajani namwona chini, amelala chali, nusu majini. Nikashuka. Nikamwita. Amekaa kimya, na kilemba chake kichwani utadhani anakwenda sokoni."

Sajini alikuwa akiandika. Kalamu ikasimama.

"Kilemba kilikuwa kichwani?"

"Kimekaza hasa. Wewe mwenyewe ulikuja ukamwona."

Ni kweli, alimwona. Alipiga magoti kando ya maiti, akatazama kipaji cha uso kilichopasuka, akatazama mawe yenye ukoga, na kilemba hakukigusa. Kilemba cha mzee wa ukoo mwingine hakishikwi na mtu wa nje, awe polisi, awe nani. Akaandika mistari mitatu akiwa ameegemeza karatasi kwenye goti: ameteleza, ameanguka, amekufa. Ukoo ulikuwa ukingoja kumchukua mtu wao, na mkuu wa kituo alikuwa akingoja kwenda kula. Kabla jua halijazama mwili ulichomwa, ukawa majivu.

"Ungeweza kumfunga mzee kilemba, Bremly?"

"Mimi? Mzee wa Salahe? Mkono si ungenikauka! Niligombana naye kwa ajili ya nguruwe, nikamwambia nguruwe wake ana adabu kumshinda yeye. Hilo nimesema, na watu walicheka. Lakini kilemba, mjomba, hata nikilewa siwezi."

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa tambarare, aliyeletwa milimani kwa adhabu ambayo hakuitaja kamwe. Alikuwa amevaa makoti mawili na bado alilalamikia baridi.

"Gari la mahabusu linafika saa tisa," alisema. "Likishamchukua, faili si letu tena. Naomba usiniletee maneno."

"Afande, yule kijana hana faida yoyote katika kifo kile."

"Dada yake mjane. Mume kafa, mali inabaki kwa mke na watoto. Hesabu gani ngumu hapo?"

"Kwetu mke harithi kitu cha mume, afande, wala watoto wake hawarithi. Mume huja kwa mkewe jioni kulala, alfajiri anarudi kwa mama yake. Mali yake ni ya ukoo wa mama yake. Akifa, hata mifupa wanaichukua wao. Kiti chake anakikalia mtoto wa dada yake. Wafalme wetu walirithishana hivyohivyo, mpaka wa mwisho."

"Na yule wa mwisho mlimfanyaje?"

"Waingereza walimnyang'anya nchi ya tambarare, wakamwambia abaki na milima. Akasema milima mitupu haina faida kwake. Akaenda zake kula pensheni."

Mkuu alicheka. "Mtu mwenye akili. Mzee Lakhon, na wewe pensheni yako imebaki miezi minne. Simu nimepigiwa mara mbili kutoka juu, wanataka jambo hili liishe kabla kazi ya machimbo ya chokaa haijaanza. Unataka nini hasa?"

"Mchana wa leo tu."

"Nenda. Gari halitakungoja."

Simu kutoka juu. Siku zote zinatoka juu, na siku zote anayeangukiwa nazo yuko chini. Mke wa Sajini alifia kwenye benchi la zahanati iliyofunguliwa kwa utepe na hotuba kisha isipate daktari hata mmoja. Alikwenda kuuliza, akaambiwa suala hilo linashughulikiwa juu.

Alishika njia ya miguu katikati ya misonobari. Kufika Moosyiem ilikuwa saa tano kasoro.

Daraja lenyewe ni bamba moja la jiwe, refu kama nyumba, lililotandikwa enzi za wafalme ili mizigo ya chuma na chumvi ipite kwenda na kurudi Jaintiapur, mji wa wafalme hao huko tambarare. Ng'ambo yake ndipo unapoanza uwanja wa mawe ya kumbukumbu ya wafu: yale marefu yaliyosimama kwa ajili ya wanaume, na yale bapa yaliyolala kwa ajili ya wanawake. Chini ya uwanja huo, wataalamu walikuwa wamesema, kuna chokaa ya kutosha kiwanda cha simenti miaka arobaini. Ardhi ni ya ukoo wa Salahe. Mzee Chanmon, aliyekuwa msemaji wa ukoo, aliitiwa karatasi ya kuitoa ardhi hiyo mara tatu, na mara zote tatu alificha dole lake kwapani kama mtoto anayekataa kukatwa kucha.

Sajini alisimama katikati ya daraja akatazama chini. Urefu wa watu wawili na nusu, kisha mwamba, kisha maji. Alivua kofia yake, akaivaa tena akaikaza mpaka masikioni, kisha akashuka ukingoni na kuruka kutoka jiwe la chini kabisa, lisilozidi kiuno. Alipotua, kofia ilikuwa imeshatangulia majini.

Mtu mzima aanguke mara tatu ya hapo, apasuke kipaji, halafu kilemba kibaki kimekaza? Kilemba kile kilifungwa baada. Na mkono uliokifunga ulikuwa mkono unaoruhusiwa kukishika.

Alikuwa anafuata kofia yake mtoni ndipo alipouona mwanzi.

Ulichomekwa nyuma ya jabali, mahali ambapo mpita njia hauoni. Ulikuwa na mikato mitano, mipya, na chini yake, yaliyobanwa na jiwe yasipeperuke, manyoya. Sajini aliliinua jiwe. Manyoya yalikuwa meusi, ya kuku jike.

Akakaa kitako palepale.

Milimani hapa kila kifo kibaya kina namna yake ya kusafishwa, na mifupa haiingii katika nyumba ya mawe ya ukoo kabla ya kusafishwa. Aliyeanguka au kuzama huchinjiwa jogoo mwekundu. Ukoo wa Salahe walimchinja jogoo huyo hadharani, kijiji kizima kikiona, na Sajini mwenyewe alikuwapo. Kuku jike mweusi na mwanzi wa mikato mitano ni vya mtu mmoja tu: aliyeuawa kwa chuma.

Basi kuna mtu aliyejua. Na aliyeokota mifupa kutoka majivuni, akaiosha, ni mmoja. Kazi hiyo ni ya dada wa mwisho kuzaliwa, mwenye nyumba.

Dada huyo, Tirimon Salahe, alikuwa kizingitini mwa nyumba ya mama yake, anachambua manjano. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya kiini cha yai mpaka kwenye vifundo.

"Sajini Lakhon! Umelowa kichwa. Mvua imenyesha kwako peke yako?"

"Kofia yangu imetaka kuogelea, dada."

"Wewe na serikali yako hata kofia hamwezi kuishika. Ingia ndani, kuna moto."

Aliingia. Mama mkongwe alikuwa amelala kwenye kona, anakoroma. Ukutani magunia ya manjano yalikuwa yamepangwa: saba yameshonwa midomo vizuri kwa uzi mnene, na matano yamefungwa kwa kamba za migomba, midomo imejikunja ovyo. Tirimon alimwekea chai ya rangi, kisha sahani ya popoo na majani ya tambuu. Alimkunjia jani, akampa.

Sajini alitafuna mara mbili. Halikuwa na chokaa. Tambuu bila chokaa ni majani ya mbuzi tu, na kijungu cha chokaa kilikuwapo hapo hapo, kando ya goti la Tirimon, kimefunikwa.

"Umenisahaulia chokaa."

"Imekwisha."

"Na hayo magunia, mbona mengine mmeyafunga kamba? Mnunuzi atawapunja."

"Shazia, ile sindano ya magunia, imepotea."

"Tangu lini?"

Tirimon aliendelea kuchambua. "Unauliza kama polisi au kama mgeni?"

"Nimetoka mtoni, dada. Nimeuona mwanzi. Nimeyaona manyoya."

Kipande cha manjano kilimtoka mkononi kikabingirika mpaka motoni. Hakukifuata.

"Mwanzi," alisema baadaye. "Watoto hucheza."

"Mikato mitano? Watoto hao wamefundishwa vizuri."

Mama mkongwe alikohoa, akageuka, akaendelea kukoroma.

"Ungeacha," Sajini alisema taratibu. "Jogoo mwekundu alitosha kwa macho ya watu. Ungenyamaza, nami nisingejua mpaka kufa kwangu. Kwa nini ukafanya?"

"Ningewezaje kumwacha?" Sauti yake ilipanda kisha ikashuka ghafla, akimtazama mama yake. "Nimwingize ndani, kwa bibi zetu, na chuma bado kinamwasha? Angesimama mlangoni miaka yote. Mimi ndiye nimembeba mgongoni alipougua ndui, Lakhon. Alikuwa mkubwa kunizidi, nami nikambeba."

"Ulikikuta wapi?"

Alijigusa kisogo, pale chini ambapo nywele zinaanzia. "Ndani ya mfupa. Ncha tu, kama ukucha. Nilidhani ni mkaa. Nikakisugua."

"Kilemba kilipafunika."

"Nawe hukukifungua."

"Sikukifungua."

"Ungekifungua ungeona damu. Tusingemchoma siku ile. Mambo haya yote yangekuwa yako, yasingekuwa yangu." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Uliandika nini kwenye karatasi yako?"

"Kwamba ameteleza."

"Ukala chakula chetu cha matanga."

"Nilikula."

Sajini aliweka kikombe chini. Nje, kuku walikuwa wakiparua maganda ya manjano. Alitazama saa yake: saa sita na robo.

"Dada, shazia ya nyumba hii ni ya nani?"

"Unajua."

"Nataka kusikia."

"Mimi nashona. Yeye hunisaidia." Alichukua kipande kingine cha manjano. "Ribok."

Ribok Salahe, mwanawe wa kiume, miaka thelathini, pikipiki mpya, simu mbili. Tangu juzi ndiye msemaji wa ukoo. Kesho asubuhi wakubwa wa kiwanda walikuwa wanakuja na hema, viti vya plastiki na ile karatasi.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza shazia iko wapi. Akasema atanunua nyingine mjini, yenye ubora. Nikaenda ghalani nikaikuta, imevunjika ncha, ameichomeka ndani ya gunia. Hata kuificha hajui. Mtoto huyu tangu zamani akiiba sukari huacha kijiko ndani." Alicheka, na kicheko kikamkwama. "Walimjaza maneno, Lakhon. Wale wa viatu vinavyong'aa. Walimwambia mjomba wako anakula umri wako. Wakamnunulia pikipiki. Wao hawakushika chuma. Mikono yao misafi, watakuja kesho kunipa pole na sanduku la biskuti."

"Nitawaandika nao."

"Utawaandika wapi? Huko juu?"

Akalipita swali hilo.

"Kuna kijana selo," alisema. "Bremly, shemeji yake marehemu."

"Kijana wa Dkhar si wangu."

"Si wako. Saa tisa gari linamchukua, na akishapanda hakuna wa kumteremsha. Amekubali kosa."

"Kama amekubali..."

"Nilimkubalisha mimi. Walimpiga wengine, mimi nikaingia na chai. Nikamwambia weka dole hapa, mwanangu, utarudi nyumbani kula. Ananiita mjomba. Nilijua karatasi inasema nini, nikamsomea nusu ya juu." Alizungumza akitazama magunia. "Asubuhi hii ameniuliza chakula kiko wapi."

Tirimon alijifuta mikono kwenye shali. Rangi haikutoka.

"Unajua unaniomba nini? Mtu aliyemuua mjomba wake hana nyumba. Ile ya mawe haitafunguliwa kwa ajili yake. Mimi nitaingia, mama huyu ataingia, ndugu yangu yumo tayari. Mwanangu atabaki nje, mvua inamnyeshea, mpaka dunia iishe. Serikali yako itamfunga miaka. Mimi nitamfungia milele."

"Najua."

"Hujui. Mifupa yako ina pa kwenda."

Sajini alichukua daftari lake, akalifungua ukurasa mtupu.

"Basi wewe kwanza," Tirimon alisema. "Mimi nisiwe peke yangu. Andika ulichofanya. Chote, na ile nusu ya chini. Kisha nisomee, maana mimi sijui kusoma, na ole wako ukinisomea nusu."

Aliandika. Mkono wake ulikuwa mzito, haukusoma sana nao. Darasa la sita na kozi ya polisi. Aliandika kwamba yeye, Sajini Lakhon Tariang, hakufungua kilemba cha marehemu. Kwamba alitaja sababu ya kifo bila kuikagua. Kwamba alimdanganya mahabusu Bremly Dkhar juu ya karatasi aliyoiwekea dole, na kwamba mahabusu alikuwa amepigwa, na akataja waliompiga. Aliandika saa na tarehe. Akasoma kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, na alipofika kwenye chai na chakula cha nyumbani alisimama, akaendelea.

"Pensheni yako?" aliuliza Tirimon.

"Imekwenda."

"Weka dole."

"Mimi natia saini, dada."

"Weka dole. Kama yeye."

Hapakuwa na wino. Alilichovya dole gumba kwenye bakuli la unga wa manjano na maji, akalikandamiza chini ya saini yake. Liling'aa kama jua la kuchorwa na mtoto.

Tirimon alivuta kijungu cha chokaa, akafunua, akaingiza vidole viwili. Alichotoa kilikuwa cheupe chote. Alikifuta kwa ukingo wa shali mpaka weusi ukatokea: ncha ya chuma, nyembamba, iliyopinda kidogo mbele kama shazia zote zilivyopinda. Kisha akaenda ghalani akarudi na nusu nyingine. Sajini alizilinganisha akiwa ameziinua kwenye mwanga wa mlango. Zilikutana bila kuacha nafasi. Alizifunga ndani ya karatasi, akaandika juu yake, akamwambia naye aweke dole. Aliliweka.

"Akifia huko kwenu," alisema, "mniletee. Msimzike na wageni. Nitamjengea yake, ndogo, kando ya njia. Hilo hakuna wa kunikataza."

"Nitalisimamia."

"Wewe? Wewe utakuwa jela na yeye." Na safari hii kicheko kilitoka chote, kikavu, mpaka mama mkongwe akaamka akauliza nani amekuja.

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Ribok aliingia akipangusa miguu, ana miwani ya jua juu ya nywele, ananukia petroli na sabuni nzuri.

"Sajini! Habari za huko? Nasikia leo mnampeleka yule mshenzi."

"Gari ni saa tisa," alisema Sajini.

"Afadhali. Mama, kuna chakula? Tangu asubuhi napanga viti vya watu."

Sajini aliinuka, akasimama kati ya Ribok na mlango. Aliigusa pingu kiunoni. Tirimon alimwinulia kiganja cha manjano, kidogo tu, kama mtu anayezuia mlango usibamizwe.

"Mwache ale."

Ribok alimtazama mama yake. Akamtazama Sajini. Akatazama bahasha ya karatasi mkononi mwa Sajini, yenye dole la manjano juu yake, na, kupitia mlango wa ghala, lile gunia ambalo mdomo wake ulikuwa sasa wazi. Miwani ilishuka yenyewe ikamwangukia puani. Hakuirudisha.

"Mama," alisema.

"Kaa."

Alikaa. Tirimon alimpakulia wali, akamwekea nyama ya nguruwe, vipande vyenye mafuta anavyovipenda, na kitoweo cha soya pembeni. Alimnawisha mikono mwenyewe, kila kidole, kama alivyokuwa akimnawisha alipokuwa hajui kujinawisha. Maji yalitiririka kwenye beseni yakiwa ya njano, maana rangi ilikuwa inatoka kwake yeye.

Ribok aliingiza tonge la kwanza mdomoni akalitafuna muda mrefu. Machozi yalimtoka, lakini hakuacha kutafuna. Sajini alitazama saa. Saa saba kasoro dakika tano. Njia ni saa moja na nusu, kwa mtu asiyebishana.

Tirimon aliketi mbele ya mwanawe, akasogeza sahani karibu naye.

"Kula upesi, mwanangu," alisema. "Kuna kijana wa watu anasubiri."